Saa ya Mti: Matunda ya Asia katika Ua wa Kibuyuni

Mwenye mkungu uani hahitaji kalenda kujua kwamba kaskazi imekaa. Januari haijaisha, majani yake mapana kupita kiganja yanaanza kugeuka, moja hapa, mawili kule. Kijani kinakuwa manjano, manjano inakuwa damu ya mzee, kisha jani linaachia tawi na kudondoka kwa kishindo kidogo, kama sandali iliyotupwa. Asubuhi fagio la chelewa lipite, jioni lipite tena. Baada ya majuma machache mti unabaki mtupu, matawi yake yamepangika kama sakafu za ghorofa, na kabla hujauzoea uchi huo vichipukizi vimeshatoka kwenye ncha. Katikati ya mwaka, kusi inapovuma, huenda mchezo ukarudiwa.

Kibuyuni ni kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani, jirani na Shimoni, katika pembe ya kusini kabisa ya Kaunti ya Kwale. Huko, kama kwingineko pwani, swali la mti wa kupanda uani siku hizi huingia kwa simu. Inakuja picha ya mti usio na jani hata moja, umejaa matunda ya rangi ya chungwa kana kwamba yametundikwa kwa sherehe. Ni mpersimoni, mti wa Uchina unaopendwa mno Japani na Korea. Ndugu walioko Dubai na Maskati hulikuta tunda lake madukani likiitwa kaka, neno ambalo kwetu ni ndugu wa kiume, na pia ni ganda tupu la yai. Nyuma ya picha hiyo zinafuata nyingine: pichi, plamu, tufaha, na bei ya mche ikiwa pamoja na usafiri hadi Ukunda. Swali linaloulizwa ni moja: mti wa matunda wa Asia unaopukutisha majani utakubali ua wa pwani?

Watu wawili wanaweza kulijibu kwa neno moja moja na wote wakawa wamesema kweli. Mmoja atasema haukubali. Mwingine atasema umeshakubali zamani, na wewe unaufagia kila asubuhi. Tofauti yao inatokana na jambo ambalo muuza miche hulitaja kwa nadra, nalo ni amri inayoufanya mti upukutike na amri inayouamsha. Kila mti wa namna hii una saa yake. Ukinunua mti bila kuuliza saa yake inasoma nini, unanunua kuni.

Tuanze na saa ya baridi, kwa sababu ndiyo inayowapotosha wengi. Mpichi, mplamu, mtufaha na mpersimoni ilikulia katika nchi ambazo majira ya baridi huua kila kilicho kibichi. Siku zinapofupika na hewa kupoa, mti hunyonya chakula kutoka kwenye majani, hukiweka shinani na mizizini, kisha huyaachia majani. Machipukizi hufungwa. Siku moja ya jua katikati ya baridi haitoshi kuyafungua, maana mti ukidanganyika ukachanua mapema, theluji ya wiki ijayo itauadhibu. Kwa hiyo huhesabu. Wakulima wa miti hiyo huzipima saa ambazo hewa imekuwa chini ya nyuzijoto 7 hivi, wakijumlisha usiku baada ya usiku. Mitufaha ya aina za kale hudai zaidi ya saa 1,000. Mipichi hutofautiana sana, mingine ina uchu mkubwa wa baridi na mingine mdogo. Mpersimoni ni mpole zaidi, na zipo aina zinazoridhika na saa 200 au pungufu.

Hapo ndipo muuzaji anaposema kwamba mti huu hautaki baridi nyingi. Hasemi uongo. Lakini uchache si sawa na kutokuwapo. Pwani ya kusini, usiku wa Julai na Agosti tunaoufunga vitenge mabegani tukisema kuna baridi, kipimajoto hukaribia nyuzi 20. Idadi ya saa zilizo chini ya nyuzi 7 huko Kibuyuni ni sifuri, mwaka huu na mwaka ujao. Mpersimoni uliopandwa hapo haufi mara moja, na afadhali ungekufa. Hutoa majani machache kwenye ncha, hukaa nayo miezi mingi bila kuyaangusha, huchipua upande mmoja huku upande wa pili umelala, hutoa ua moja lisilo na mwenzake, na baada ya miaka minne au mitano mwenye nyumba amechoka kuutilia maji aliyoyachota kwa jasho. Kitaalamu hauna ugonjwa. Ni kama mgeni aliyekesha uwanja wa ndege kwa sababu hakuna aliyemtangazia kwamba kumekucha.

Kupanda mlima husaidia, ila milima yetu ni mifupi. Joto hupungua kwa kama nyuzi 6 kila mita 1,000 za kimo. Shimba Hills, kilele cha fahari ya Kwale, hazifiki mita 500, kwa hiyo zinakupunguzia nyuzi mbili au tatu tu. Plamu, pea na pichi za Kenya hutoka Limuru na nyanda zinazofanana nayo, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Ng'ambo ya mpaka, Lushoto katika milima ya Usambara, kwenye mita kama 1,400, wakulima wamekuwa wakivuna matunda hayohayo kwa vizazi kadhaa. Kwa mtu wa Kibuyuni plamu iliyo karibu kabisa ni ile iliyoteremka Usambara kwa basi, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Ila kuna mahali watu waliidanganya saa ya baridi, na udanganyifu wao una faida kwetu. Mjini Batu na vijiji vyake, mashariki mwa kisiwa cha Java, Indonesia, tufaha hulimwa katika nchi ya tropiki isiyo na majira ya baridi. Baada ya kuvuna, wakulima huyapukutisha majani kwa mikono, mti mmoja baada ya mwingine, na huyapinda matawi yalale. Mti haujaingia usingizi mzito bado. Ukivuliwa majani mapema, huchipua na kuchanua kabla kufuli halijajifunga, na kwa njia hiyo huvunwa mara mbili kwa mwaka. Usikimbilie kuyang'oa majani ya mche wako, kwani Batu ipo kwenye mita kama 1,000 na usiku wake ni wa ubaridi ambao Kibuyuni haiujui. Jambo la kuchukua ni kwamba kupukutika kunaweza kuamriwa na mkono wa mtu, tena kwa wakati anaoutaka yeye.

Sasa saa ya pili. Hii hatuna haja ya kwenda Java kuitafuta, kwa sababu imo katika jina la kijiji. Kibuyuni ukilisikia kama mahali pa mbuyu mdogo, umeutaja mti unaopukutika kwa ukamilifu kuliko yote ya pwani. Mbuyu hukaa mtupu miezi mingi ya kiangazi na huvaa majani mvua zinapokaribia. Hauhesabu baridi. Unahesabu ukame. Jani ni tundu la kupotezea maji, na udongo unapokauka mti huyaziba matundu yote kwa mara moja. Pwani ya kusini kaskazi huleta ukavu mkali kuliko wote, Januari hadi Machi, kisha masika huanza mwishoni mwa Machi au Aprili na kuchuruzika hadi Juni na Julai, kisha vuli huja Oktoba hadi Desemba. Mti wa Asia unaosoma ukame utaielewa kalenda hii bila mkalimani. Barani Asia ipo mingi ya namna hiyo, maana Bara Hindi nalo huishi kwa pepo za msimu, zilezile zilizoleta majahazi hapa.

Wa kwanza kwenye orodha yangu ni mkomamanga. Asili yake ni Uajemi na nchi zinazopakana nayo hadi kaskazini mwa India. Kwenye baridi hupukutika kabisa, kwenye joto hupukutika nusunusu au hukataa, ikitegemea maji. Si mgeni kwetu. Qurani imelitaja komamanga mara tatu, na nyua za miji ya Waswahili zimekuwa nao tangu zamani kwa ajili ya tunda, kivuli kidogo, na maganda yanayowekwa kwa dawa ya tumbo. Huvumilia mawe na chokaa, na hili si dogo Kibuyuni, ambako chini ya shubiri moja ya udongo jembe hugonga mwamba wa matumbawe. Huvumilia pia chumvi kiasi, na visima vingi vya ukanda ule vina maji ya chumvichumvi. Hauhitaji mbegu. Kata kipande cha tawi lililokomaa, urefu wa shubiri moja, kichomeke kivulini hadi kishike mizizi, na baada ya miaka miwili au mitatu utaona maua mekundu kama nta.

Kinachouponza ni unyevu. Komamanga bora huiva mahali ambapo hewa ni kavu na jua ni kali. Pwani yetu ina jua, lakini hewa yake unaweza kuikamua. Ganda hupata madoa meusi ya ukungu, na mvua ikija ghafla baada ya ukavu, punje hunywa maji kwa pupa, ganda linashindwa kutanuka na tunda linapasuka. Aliyewahi kulipata komamanga lake limepasuka na sisimizi wameshafika, anajua ninachokisema.

Hapa ndipo Wahindi wanapotufaa. Katika wilaya ya Solapur, jimbo la Maharashtra, ambayo ni moja ya ngome za komamanga duniani, mkulima hauachi mti uchanue kiholela. Huchagua msimu, kisha huunyima mti maji kwa mwezi mmoja au zaidi mpaka majani yageuke manjano na kuanguka. Hupogoa, huweka samadi, halafu humwagilia kwa ukarimu. Mti ulioshtuka hivyo huchanua wote kwa pamoja. Wana misimu mitatu ya kuchagua, kila mmoja na jina lake, na kila mkulima huamua kufuatana na maji aliyonayo na soko analolenga. Ni ujanja wa Batu kwa mkono mwingine, isipokuwa wa Batu unaiba usingizi na wa Solapur unautoa kwa mkopo.

Je, Kibuyuni ichague lini? Ukiuacha mti peke yake, utalala kaskazi na kuamka na masika, na maua yake yatapigwa na mvua ya Mei, mwezi wa mvua nyingi kuliko yote. Hilo ndilo kosa la nyua nyingi: mti unachanua sana, hauzai kitu, na watu wanasema umerogwa au ni dume. Tunda huhitaji kama miezi sita tangu ua hadi kuiva. Likitakiwa liive katika ukavu wa Februari na Machi, ua lazima liwepo Agosti au Septemba, masika yakiwa yameisha. Kwa hesabu hiyo mti upogolewe Julai mwishoni, usipewe tone hadi majani yachoke, kisha upewe samadi ya mbuzi na maji Agosti. Vuli italikuta tunda likiwa dogo, ganda lake bado linanyooka, na hatari ya kupasuka ni ndogo kuliko kwa tunda lililoiva. Solapur wana msimu mmoja wa mvua na sisi tuna miwili, kwa hiyo hesabu haiwezi kuwa safi. Kuna mwaka vuli itapiga zaidi ya kawaida na utakula hasara. Lakini kati ya kubahatisha kwa mpango na kubahatisha bila mpango, nachagua la kwanza. Na mti wenyewe usiachwe uwe kichaka: hutoa machipukizi mengi kutoka shinani, acha mashina matatu au manne na kata yaliyobaki, hewa ipite.

Mkunazi nitaupitia kwa haraka, kwa sababu hauhitaji wakili. Mtaa wa Mkunazini mjini Zanzibar umebeba jina lake, majani yake tunayatumia kuosha maiti, na tunda lake ni la watoto wanaotoka chuoni. Wahindi wameulima hadi kunazi ikawa kubwa kama tufaha dogo, na aina hizo zilipopelekwa nchi kame za Afrika Magharibi na kuungwa kwenye mashina ya huko, sokoni zikaitwa tufaha za Sahel. Hupukutika kwenye kilele cha joto na ukavu, na wakati huo ndipo India huukata matawi bila huruma, kwa sababu kunazi hutoka kwenye tawi jipya. Miiba yake ni ya kweli, na mzizi wake mkuu hauvumilii kuhamishwa, kwa hiyo panda mbegu palepale utakapokaa mti, kisha uunge kikonyo cha aina bora baadaye. Kwa ua wenye mbuzi na usio na maji sijui mti bora zaidi. Majani yale mbuzi huyapenda kuliko watoto wanavyozipenda kunazi.

Kisha kuna mkungu, ambao hauwajii watu mdomoni unapotajwa mti wa matunda. Wengi wataukumbuka kwa kivuli.

Asili yake ni pwani za kusini-mashariki mwa Asia na visiwa vya Pasifiki. Linnaeus aliupa jina la kisayansi mwaka 1767, Terminalia catappa. Neno la kwanza linahusu majani kurundikana mwisho wa matawi, na la pili limetoka kwa Wamalei wanaouita ketapang. Oman wanauita bidam. Sisi tuna kungu, na neno hilo limekaa katika lugha muda mrefu kiasi cha kuzaa jina la kiungo: ukilifungua neno kungumanga utaikuta kungu ndani yake, na Manga, yaani Uarabuni. Tunda lina nyama nyembamba kwa nje, na chini yake ganda jepesi la nyuzi linaloelea majini kama boya. Bahari huichukua kungu kutoka ufuo huu hadi ule, na popo humalizia kazi bara. Mti ulioumbwa kusafiri hivyo haushtuliwi na upepo wa chumvi, mchanga wala matumbawe. Mahali ambapo mwembe ungeungua majani kwa mnyunyizo wa kusi, mkungu unanenepa.

Ndani ya ganda kuna kiini, chembamba kama kidole cha mtoto mchanga, na karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Ladha yake ni ya lozi, pengine tamu kuliko lozi ya dukani iliyokaa miezi kwenye mfuko. Kazi ipo kwenye kuipasua: jiwe chini, jiwe juu, kungu imesimamishwa wima, pigo moja la kweli. Ukikosea unapata unga na kidole kilichovimba. Nchini Vanuatu, katika Pasifiki, watu wamekuwa wakichagua miti yenye viini vikubwa kizazi baada ya kizazi, na viini hivyo huuzwa katika soko la Port Vila. Kwetu hakuna aliyechagua. Tumepanda kungu yoyote iliyookotwa ufukweni, ndiyo maana jirani mmoja ana mti wa nyama tamu na mwingine ana wa nyama chachu inayokausha ulimi. Wataalamu wa jambo hili wapo, na wana umri wa miaka minane hadi kumi na miwili. Kabla hujapanda, waulize watoto wa mtaa mti upi una kungu nzuri, na uchukue mbegu hapo. Ikipandwa mbichi, mahali penye udongo mzuri, mti unaweza kuanza kuzaa mwaka wa tatu.

Ubaya wa mkungu hauishii kwenye kufagia. Mizizi yake hunyanyua sakafu, na majani yake yana utomvu unaotia rangi. Katika nyumba zinazovuna mvua kwa paa la bati, kama ilivyo desturi ukanda wa Shimoni, na ng'ambo yake katika kisiwa cha Wasini ambako kwa miaka mingi maji ya mvua ndiyo yaliyokuwa maji, mkungu uliokaribia mfereji utakupa tangi la maji ya rangi ya chai. Uwe mbali na paa, hatua kumi na tano si nyingi. Kwa upande wa bahari ndiko unakofaa, ukivunja upepo.

Lakini kesi nzito dhidi yake ilifunguliwa mwaka 2003. Mwaka huo watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu chenye makao Nairobi, walimkuta pwani ya Kenya nzi wa matunda ambaye Afrika ilikuwa haimjui. Mwaka 2005 alipewa jina la kuashiria uvamizi, na miaka kumi baadaye wanasayansi walikubaliana kwamba ni yuleyule nzi wa matunda wa Asia, Bactrocera dorsalis. Jike hutoboa ganda la tunda na kutaga ndani. Funza hula nyama, tunda huanguka, funza hutoka na kujizika udongoni, na baada ya siku kadhaa ni nzi kamili. Katika joto letu mzunguko wote huchukua kama mwezi au pungufu, na jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 katika maisha yake. Alienea bara zima kwa miaka michache. Afrika Kusini ilifunga mlango kwa maparachichi ya Kenya mwaka 2007, na mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kupeleka maembe Ulaya ili isifungiwe, hadi 2021 biashara iliporudi.

Embe ndilo tunda linalotajwa katika habari hizo. Kungu haitajwi, wakati nzi huyo huipenda mno. Kwao Asia ni marafiki wa zamani, na alipofika hapa alimkuta rafiki ameshatangulia, amepandwa kila ufuo kutoka Lamu hadi Vanga. Maembe ya pwani yana msimu: mkubwa wa mwisho na mwanzo wa mwaka, na mdogo wa katikati. Nje ya misimu hiyo nzi angepata njaa. Mkungu huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, na kungu zake zilizooza chini ya mti ni daraja analovukia kutoka msimu mmoja wa maembe hadi mwingine. Nyumba yenye mkungu usiofagiliwa inamlelea jirani wadudu wa maembe yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tumekuwa tukisema. Kwa mwembe wa jirani usemi huo umegeuka.

Kuukata mkungu ni jibu rahisi, nami sikubaliani nalo. Ufuo una mikungu ambayo hakuna wa kuikata, na nzi huyo anakula pia mapera, mastafeli na kunazi za porini. Jibu ninalolikubali ni la kuigawa miti kwa nyua. Ua wenye miembe ya kuuza usipandwe mkungu. Mkomamanga unatosha hapo, na matunda yake yafungwe mifuko ya karatasi yangali madogo. Ua wa ufuoni ambako mwembe hauwezi chumvi, panda mkungu mmoja, wa mbegu iliyochaguliwa, na uuhesabu kama mti wa matunda wenye kazi ya matunda. Kazi hiyo ni kuokota. Kila kungu iliyoanguka na isiyoliwa iingie mfuko mweusi wa plastiki uliofungwa vizuri, uachwe juani siku kadhaa funza wapikike, au ifukiwe kina cha nusu mita, jambo ambalo kwenye mwamba wa matumbawe ni la kusema tu. Mfuko ndio wa Kibuyuni.

Kuna wasaidizi. ICIPE ilileta nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya nzi huyo, ambao nao asili yao ni Asia na walichukuliwa Hawaii, kwa hiyo ugomvi wote unahamia hapa na mahakama yake. Msaidizi mwingine ni mwenyeji: maji moto, yule mdudu mwekundu anayeshona majani kuwa nyumba. Wakulima wa minazi wanajua kwamba mnazi wenye maji moto hauangushi vidaka ovyo, kwa kuwa hufukuza kunguni wa nazi. Utafiti wa Benin umeonyesha kwamba maembe yenye maji moto hupata nzi wachache zaidi. Kwa hiyo ukiona viota vyao kwenye mwembe, usivichome moto. Mchumaji atalalamika, na ana haki.

Linabaki suala la muda, na hapa Kibuyuni si sawa na kijiji kingine. Wanawake wengi wa hapo wamelima mwani kwa miaka mingi, aina zilizotoka Ufilipino na kupitia Zanzibar, kwa hiyo shamba lao nalo ni la Asia. Mwani hufuata bamvua. Maji yanapotoka sana, kila baada ya wiki mbili, kwa siku kadhaa mfululizo, saa nne asubuhi watu wako mbali kwenye mchanga wakifunga na kufungua kamba, na wakirudi kuna kuanika. Ua hukosa fagio siku hizo. Funza ndani ya kungu huhitaji juma moja au zaidi kidogo kabla ya kutoka na kuingia udongoni. Bamvua ikichukua siku tano, kungu iliyoanguka siku ya kwanza bado inakamatika siku ya sita, maji mafu yakianza. Ikiachwa hadi siku ya kumi, imeshachelewa. Hivyo ukitaka kupanga, mfuko mweusi ujazwe siku ya kuamkia bamvua na ujazwe tena siku inapokwisha, na katikati watoto waachiwe mti. Wao huokota kungu nyekundu iliyoiva vizuri kabla nzi hajaimaliza, hula nyama yake, hupasua ganda juu ya kizingiti cha jiwe, na wanachokibakisha hakimfai nzi yeyote.